Unataka kununua mkahawa wa franchaizi hapa Unguja? Mambo ya kuweka sawa kabla hujatoa hela

Ndugu zangu, siku hizi watu wengi wanaulizia mikahawa inayouzwa, Mji Mkongwe, Nungwi, Paje, na swali la mwanzo la kila mtu ni bei. Mie nasema kama mkahawa wenyewe unaendeshwa kwa jina la kampuni nyengine, yaani franchaizi, bei ije baadae. Anaekuuzia jina si lake, kapewa ruhusa alitumie kwa muda na kwa masharti, kwaio mnaweza mkakubaliana na mashahidi wakawepo na hela ikatoka, mwenye chapa, yaani ile kampuni yenye jina, akikataa ulichonunua ni meza na mafriza.

Muombe muuzaji mkataba wake wote, sio kurasa mbili alizopiga picha akakurushia WhatsApp, utafute kifungu cha kuhamisha umiliki. Mara nyingi utakuta kibali cha mwenye chapa lazima kiwe cha maandishi, kuna ada ya uhamisho (ulizeni mapema nani analipa), muuzaji amalize madeni yote ya mrabaha (ile ada anayomlipa mwenye chapa kwa kutumia jina), afu kuna hii ambayo watu wanaipita tu: mwenye chapa ana haki ya kuununua yeye mwanzo kwa bei ileile uliyotoa wewe. Haki hiyo ina siku zake, na mpaka ziishe au akuandikie kuwa haitaki, wewe bado huna kitu, usiache kazi wala usiagize vyombo. Advansi ikibidi itoke basi iandikwe kabisa kuwa inarudi yote kibali kikikosekana.

Jengine, usidhani utarithi mkataba wa zamani. Wenye chapa wengi wanakusainisha mpya wa sasa, mrabaha unaweza kuwa juu zaidi, na wakati mwengine muda unaopewa ni ule uliobaki tu. Wenzetu Marekani sheria inamlazimisha mwenye chapa ampe mnunuzi kabrasha la taarifa zake siku 14 kabla ya kusaini, ila sheria ile ni ya biashara zilizoko kwao, huku haikufiki, kwaio omba mwenyewe.

Barua ya kibali isome mstari kwa mstari, na hapa ndo nnapowasihi sana. Kibali kinaweza kuja na sharti la ukarabati: rangi mpya, jiko jipya, bango jipya. Sasa Mji Mkongwe upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, bango na sura ya nje ya jengo vina mamlaka yake ya uhifadhi, huwezi kutoboa ukuta ukatundika boksi la taa kwa sababu mchoro umetoka makao makuu. Utajikuta huku umenyimwa ruhusa, kule unahesabika umevunja mkataba. Mchoro upelekwe kwa wahifadhi kabla ya kusaini, na mwenye chapa akubali kwa maandishi bango litakaloruhusiwa.

Nyumba nayo muulize mwenyewe hasa ni nani. Majengo mengi mjini ni ya wakfu, na mpangaji hawezi kukukabidhi tu funguo kwa kilemba (hela ya kuachiwa nyumba) mlichopatana wenyewe, inataka ridhaa ya wanaoisimamia. Tena hakikisha miaka ya kodi ya nyumba haiishi kabla ya mkataba wa chapa.

Upande wa kodi za serikali, ofisi ni mbili: ZRA (mamlaka ya mapato ya Zanzibar) kwa VAT na TRA (ya Tanzania) kwa kodi ya mapato, taka uthibitisho wa kutodaiwa kutoka zote mbili. Ulizia na michango ya wafanyakazi ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, maana wakikosa watakuja kukuuliza wewe uliepo.

Na wewe unaeuza, kama ulisaini dhamana binafsi, yaani uliahidi kulipa wewe mwenyewe madeni ya mkahawa, usiondoke bila ya barua ya kufunguliwa dhamana hiyo, la sivyo mnunuzi akishindwa kulipa utatafutwa wewe. Mafunzo ya mwenye chapa kwa mmiliki mpya yanaweza kuchukua wiki kadhaa na pengine nje ya nchi, kwaio makabidhiano msiyaweke Julai wageni wamejaa, wekeni wakati wa masika.