Namna ya kuisoma kiu yako kabla hujashika glasi

Kiu ziko mbili, na kila moja ina dawa yake. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mgonjwa mpya anapoketi kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu, ninakofanya kazi ya uuguzi, na natamani kila mtu alijue akiwa bado na figo nzima. Kiu ya kwanza huja damu inapokolea. Ya pili huja damu inapopungua. Mdomoni huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo itakubidi ujiulize mambo mengine.

Anza hivi: rudisha fikra saa mbili tatu nyuma. Kama ulikula chakula chenye chumvi nyingi, au umekaa muda mrefu bila kunywa, huenda ni kiu ya kukolea. Kama umeharisha, umetapika, umetokwa na damu, au umetoka jasho jingi kwa saa kadhaa, fikiria ile ya pili, hata kama mdomo unaomba maji matupu.

Damu ikikolea

Ukolevu wa damu hupimwa kwa miliosmoli, kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka kwenye maji, na kwa mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya 275 na 295 kwa kila kilo ya maji. Ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, ubongo umeshajua. Hujulia kwenye vijisehemu viwili vidogo vilivyo pembeni mwa ventrikali ya tatu, uwazi wenye majimaji katikati ya ubongo. Tofauti na sehemu kubwa ya ubongo, hapo hakuna ule ukuta unaozuia vitu vya kwenye damu kupenya. Chumvi ikizidi nje ya seli za hapo, maji huvutwa kutoka ndani yake. Seli husinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakoziamsha.

Amri hutoka mbili. Moja hukufanya utamani maji. Nyingine huenda kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo inayotengeneza homoni ya vasopresini na kuiachilia kupitia sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, nayo huziambia figo zirudishe maji mwilini badala ya kuyatoa. Kwa kawaida amri ya vasopresini hutangulia. Ndiyo maana mkojo huanza kuwa mchache na wa rangi nzito kabla mtu hajahisi kiu yenyewe, na ndiyo maana mimi huuliza habari za mkojo kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa Uswidi, Bengt Andersson, alidondosha maji ya chumvi, kiasi kidogo mno, kwenye haipothalamasi ya mbuzi waliokwisha kunywa wakatosheka. Wakaanza kunywa tena kwa pupa, ilhali miili yao haikupungukiwa na tone.

Dawa ya kiu hii ni maji matupu, lakini usiyafululize. Kunywa glasi moja, weka chini, subiri kama robo saa. Maji huchukua dakika kumi au zaidi kuingia kwenye damu kwa kiasi cha kutosha kubadilisha ukolevu wake, ila ubongo hausubiri. Zile seli za kiu hutulia ndani ya dakika moja hivi baada ya kuanza kumeza, kwa habari zinazotoka mdomoni na kooni. Kisha utumbo nao hupeleka ripoti yake, kupitia neva ya vagasi inayounganisha utumbo na ubongo, ya kama kilichofika ni maji kweli au ni kitu cha chumvi. Ukinywa maji ya chumvi kiu hukatika kidogo, halafu inarudi.

Ubaridi mdomoni pia huzituliza seli hizo. Kwa mgonjwa wangu aliyepangiwa kiasi cha maji kwa siku, habari hii ina thamani kubwa: anyonye kipande cha barafu, asukutue kwa maji baridi na kuyatema, atapata nafuu bila kuongeza mzigo. Lakini barafu haishindi chumvi. Kila gramu 8 za chumvi, kama kijiko kimoja na nusu cha chai, hushikilia takriban lita moja ya maji mwilini. Mgonjwa akija na kilo nyingi zilizoongezeka tangu mara ya mwisho, mimi simgombezi kwa kunywa. Namuuliza kuhusu chumvi. Kumwambia mtu avumilie kiu huku damu yake imekolea ni kumtaka apigane na ubongo wake mwenyewe, na hilo si haki.

Damu ikipungua

Hapa ukolevu unaweza kuwa wa kawaida kabisa, kwa sababu maji na chumvi vimepotea pamoja. Mwili hustahimili kiasi: kiu kali ya aina hii kwa kawaida huja baada ya kupoteza kama asilimia 10 ya ujazo wa damu. Wanaopiga kengele ni figo na vihisi vya mvutano kwenye moyo na mishipa mikubwa. Figo huachilia kimeng'enya kiitwacho renini, nayo hukata protini iliyotoka kwenye ini ikawa anjiotensini ya kwanza. Kimeng'enya kilichopo kwa wingi kwenye mishipa ya mapafu huigeuza kuwa anjiotensini ya pili, na hiyo ndiyo yenye nguvu. Huibana mishipa, huingia kwenye vile vijisehemu visivyo na ukuta na kuwasha kiu, kisha huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe homoni ya aldosteroni ili sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi, isipotee kwenye mkojo.

Aldosteroni ina kazi nyingine ubongoni. Kwenye shina la ubongo kuna kundi dogo la seli zinazoihisi, na katika majaribio ya wanyama seli hizo huamsha hamu ya chumvi. Anjiotensini na aldosteroni zikifika pamoja, hamu huwa kubwa kuliko ya kila moja peke yake. Haiji mara moja kama kiu; huchukua saa nyingi.

Sasa angalia kinachotokea ukinywa maji matupu tu. Yanasambaa hadi ndani ya seli za mwili mzima, na katika lita moja hubaki kama mililita 80 tu kwenye mishipa. Damu inapungua ukolevu, zile seli zinazopima ukolevu zinasema basi, unaacha kunywa, na ujazo wa damu bado haujarudi. Hapo ndipo watu wanaoharisha huponzwa na maji mengi yasiyo na chumvi.

Kujipima, lala dakika tano, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Simama, subiri dakika moja, hesabu tena. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi, au ukipata kizunguzungu hata ushindwe kusimama, damu imepungua na unahitaji msaada wa kitabibu upesi. Tafuta ORS, yaani pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji. Ile inayotumika tangu 2002 kwa pendekezo la Shirika la Afya Duniani ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita, kwa sababu mlango mmoja wa utumbo hupitisha vitu hivyo viwili pamoja na maji huvifuata. Ukikosa pakiti, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vilivyosawazishwa juu, katika lita moja ya maji safi. Usikadirie kwa macho. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea kwa kijiko kimoja kimoja.

Hamu ya chumvi yenyewe

Kwa wengi wetu, kupenda chumvi ni mazoea ya ulimi. Punguza kidogo kidogo, na baada ya wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu chakula kilekile cha zamani utakiona cha chumvi kupita kiasi. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku.

Ila hamu mpya, kali, isiyoelezeka, usiipuuze. Mwaka 1940 watafiti Wilkins na Richter waliandika habari za mvulana wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akila chumvi tupu kwa wingi. Alipolazwa hospitalini akapewa chakula cha kawaida cha wodini, alifariki katika muda wa siku chache, na uchunguzi ukaonyesha tezi zake za adrenali zilikuwa na kasoro. Mtoto yule alikuwa akijitibu. Kila nikikumbuka habari hii najizuia kumkataza mgonjwa kitu kabla sijamuuliza kwa nini anakitaka. Kama hamu ya chumvi imeambatana na uchovu usiokwisha, kupungua uzito, kizunguzungu, au ngozi kuwa nyeusi zaidi kwenye mistari ya viganja na ufizi, mwambie daktari waziwazi, naye apime sodiamu, potasiamu na kotisoli, homoni nyingine ya tezi za adrenali.

Kiu isipoaminika

Wazee husikia kiu kidogo kuliko vijana hata maji yakiwa yamepungua kweli. Usimwulize bibi kama ana kiu. Mpe kikombe kwa saa maalumu, isipokuwa daktari amempangia kiasi kwa sababu ya moyo au figo.

Wanaokimbia mbio ndefu wana hatari ya upande wa pili. Katika utafiti wa wakimbiaji 488 wa mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 walimaliza wakiwa na sodiamu ya chini kwenye damu, na kuongezeka uzito njiani kwa kunywa mno kulikuwa ishara kubwa. Mazoezi marefu, maumivu na kichefuchefu huweza kuiacha vasopresini juu, figo zikashindwa kutoa maji yaliyozidi. Kunywa kwa kufuata kiu. Mwenzako akianza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, usimwongezee maji; mpeleke hospitali.

Mdomo mkavu pekee mara nyingi ni athari ya dawa, na maji hayatauponya. Lakini kiu isiyokatika pamoja na mkojo mwingi mweupe usiku na mchana ni jambo la kupimwa wiki hii, si mwezi ujao. Mwenye kiu hiyo aanze na kupima sukari kwenye damu. Ikiwa ya kawaida, amwombe daktari aangalie madini ya kalisi, kisha kama vasopresini inatoka na kama figo zinaitii, na hadi majibu yatoke asijinyime maji.