Shimo Moja Kabla ya Msingi: Namna ya Kusoma Udongo wa Kiwanja Chako Mbeya na Iringa

Ukishapata kiwanja, usikimbilie tofali. Msingi uliosimama vizuri Uyole unaweza kupasuka ukiujenga vilevile Rujewa, kwenye bonde la Usangu, kwa sababu udongo si mmoja. Kwa vibarua wawili wa siku moja utajua msingi ushuke hadi wapi, maji taka yaende wapi na mboga zikae wapi.

Hatua ya 1: Chimba

Chimba karibu na nyumba itakapokaa, kina cha mita moja na nusu hadi mbili. Fanya hivyo mwezi wa tatu au wa nne, maji ya ardhini yakiwa juu. Shimo la mwezi wa kumi hudanganya. Lifanye pana, kingo zikate ngazi, na mtu asibaki chini peke yake, maana udongo wa majivu ya volkano huporomoka bila kutoa taarifa. Ule wa juu wenye rutuba urundike pembeni. Utauhitaji bustanini.

Hatua ya 2: Ushike mkononi

Lowesha kidogo, ufinyange. Ukikwaruza na kusambaratika, ni kichanga. Ukivutika kama utepe mrefu bila kukatika, ni mfinyanzi. Kisha tia udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, uache: mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi.

Hatua ya 3: Amua msingi

Udongo unaonitia wasiwasi kuliko wote ni ule mweusi wa mbuga, kama wa bonde la Usangu. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika hunywa maji, huvimba na kuinua ukuta. Kama tabaka lake ni jembamba, liondoe lote, jaza moramu (udongo wa changarawe) na kuishindilia kwa matabaka ya sentimita 15. Likiwa nene, tafuta mhandisi kabla ya kununua nondo. Kwa vyovyote funga mkanda wa zege juu ya msingi, zungushia nyumba jamvi la zege lenye mteremko wa kutoa maji nje, na mikaratusi ipandwe mbali: mizizi yake hunyonya maji upande mmoja na udongo hushuka bila usawa.

Iringa mjini, kwenye mawe makubwa kama yale ya Gangilonga, hatari ni nyingine. Sururu ikigonga jiwe, fundi hufurahi kwamba amefika mwambani. Huenda ni jiwe tu lililozungukwa na udongo. Nyumba ikikaa nusu juu ya jiwe na nusu juu ya udongo, ufa utatokea pale vinapokutana. Chimba pembe zote nne ulinganishe.

Rungwe na sehemu kubwa ya Mbeya mjini udongo umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi na hushika maji mengi. Kwenye mteremko usikate ukingo wima ukauacha wazi hadi mvua zianze.

Hatua ya 4: Pima unyonyaji kabla ya kuchimba karo

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo afya ya jirani ilipo. Kwenye kina ambacho shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya karo na kuyaachia ardhini, litatolea maji, chimba kishimo cha sentimita 30. Kijaze maji jioni ili udongo ushibe. Asubuhi jaza tena, simamisha rula, tazama saa.

Maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, udongo haunyonyi. Shimo litafurika masika. Tengeneza karo la kunyonywa na gari, au tafuta sehemu nyingine ya kiwanja. Yakishuka kiasi hicho chini ya dakika moja, usishangilie. Ndivyo ilivyo kwenye vijiwe vyepesi vya volkano, vile vinavyoelea majini: maji taka hupita bila kuchujwa, na Rungwe ni nchi ya chemchemi. Weka tabaka nene la mchanga wa kuchujia.

Shimo likae angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, upande wa chini wa mteremko. Kitako cha shimo kiwe mita moja na nusu au zaidi juu ya maji ya ardhini. Kuta za shimo zijengee tofali, ukiacha matundu ya kupitisha maji.

Hatua ya 5: Bustani

Rudisha ule udongo wa juu. Udongo wa volkano hung'ang'ania fosforasi mimea isiipate, hivyo DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, usiimwage shamba zima. Weka kwenye shimo la mbegu, pamoja na samadi iliyooza, ukifunika udongo kidogo kati yake na mbegu. Mufindi na Njombe udongo una asidi: chai hustawi, maharage na kabichi hudumaa. Pima kwanza, waulize TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo) au ofisa ugani wako, ndipo ununue chokaa. Changanya chokaa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na samadi iingie siku nyingine, kwani vikikutana vibichi naitrojeni hupotelea hewani.