Bukta iliyolowa mlangoni: nguo za wavulana za chakula cha jioni melini

Mhudumu wa mlangoni alitutabasamia, akahesabu vichwa, kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye bukta ya mwanangu wa kati. Ilikuwa inachuruzika maji. Mtoto ametoka bwawani muda si muda, taulo kalitundika shingoni kama bondia, na kidimbwi kidogo kilishaanza kujikusanya juu ya zulia. "Mama, kijana akabadilishe tu, meza yenu tunaiweka," akasema kwa adabu zote. Akabadilishe nini? Masanduku yetu yote manne yalikuwa bado tumboni mwa meli. Usiku huo tukala bafe juu, kwenye sitaha ya bwawa, na mama mkwe wangu kakaa pale na dera lake jipya na mkufu aliouvaa mahsusi kwa ajili ya ule ukumbi. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Hiyo ilikuwa safari yetu ya kwanza ya meli ya kitalii, siku 7 kutoka bandari ya Galveston, Texas, ambako kutoka kwetu Houston ni kama saa moja kwa gari. Tangu hapo tumesafiri mara mbili zaidi, na kila likizo ya Machi ikikaribia simu yangu haitulii: mashoga zangu wanataka kujua wavulana wavae nini. Wangu ni watatu. Kifungua mimba ana miaka 14, wa kati 9, kitinda mimba 5. Haya niliyoyaandika ndiyo ninayowaambia kwenye simu.

Kwanza soma masharti ya kampuni yako ya meli kabla hujaingia dukani, maana hayafanani. Norwegian hawamlazimishi mtu usiku wa suti. Carnival wana usiku mmoja wa mavazi ya heshima kwa safari ya siku 2 hadi 5, na usiku mara mbili kwa safari ya siku 6 na kuendelea. Royal Caribbean nao wana usiku wao rasmi. Disney, kwenye safari zao nyingi, wana usiku wa maharamia, na hapo mtoto akijifunga kitambaa kichwani amemaliza. Usiku uliobaki ni wa kawaida. Ila kawaida ya ukumbini si kawaida ya nyumbani: nguo za kuogelea hazipiti, wala singlendi, wala kofia ya kapelo.

Watoto wadogo huachiwa mengi. Kitinda mimba wangu aliwahi kuingia na fulana ya dinosaria na wahudumu wakampigia makofi. Lakini mvulana wa miaka 14 mwenye urefu wa baba yake anatazamwa kama mwanamume, kwa hiyo huyo ndiye wa kumpangia kwa makini.

Begi la mgongoni

Bandarini masanduku unawaachia wapagazi, wewe unapanda na begi la mkononi. Unaingia melini mchana. Sanduku linaweza kufika mlangoni kwako alasiri, na linaweza kufika usiku. Ukiwa umepangiwa kula saa kumi na mbili jioni, usiliweke kwenye hesabu kabisa. Siku hizi kila mmoja wa wanangu anabeba mwenyewe mgongoni suruali moja, shati moja la kola, soksi na nguo ya ndani, na viatu vya ukumbini ndivyo anavyosafiri navyo miguuni. Nguo ya kuogelea nayo iwemo, kwani bwawa wataliona kabla hujapumzika.

Shati nalikunja hivi. Nafunga vifungo vyote, nalilaza kifudifudi kitandani, mikono naikunjia mgongoni, halafu natandika fulana laini juu yake na kuviringa kuanzia chini kama chapati ya kuchovya chai. Kola inabaki mwisho, nje, na ndani yake naingiza soksi mbili zilizokunjwa ili isilale. Likitoka humo halijapigwa pasi, ila halimtii mtu aibu.

Usiku wa kawaida

Kwa siku 7 kila mtoto namchukulia suruali mbili za kitambaa, moja ya kaki na moja ya bluu iliyoiva, na mashati manne: matatu ya kola ya mikono mifupi, moja la mikono mirefu. Basi. Wenye kubeba shati la kila usiku nawaonea huruma, kabati la chumba cha meli ni jembamba na mnalala watu wanne humo. Hakuna anayekumbuka shati alilovaa mwanao Jumatatu.

Jinzi nzima isiyochanika kwenye usiku wa kawaida inapita meli nyingi. Kaptula ya kitambaa yenye mkanda, ya kufika magotini, nayo mara nyingi inapita. Mimi naikwepa kwa sababu moja tu: baridi. Ukumbi wa chakula wanaupoza kama duka la nyama. Usiku wa pili kitinda mimba alijifunika leso ya mezani miguuni, halafu ya baba yake, halafu yangu. Kila mtoto awe na sweta jepesi au kizibao. Kizibao kina faida ya ziada, kinaficha doa.

Na madoa yatakuwepo. Menyu ya watoto ni tambi za sosi ya nyanya, viazi vya kukaanga na tomato, mwisho aiskrimu ya chokoleti. Kwa hiyo shati jeupe mimi silipeleki mezani. Bluu ya bahari, kijani kibichi, mirabaraba. Mirabaraba midogo ya mraba ndiyo mfalme, tone la sosi humo unalitafuta kwa tochi.

Suruali usimjaribishie akiwa amesimama. Mwambie aketi, achuchumae, apande kitandani. Mtoto anakula kwa saa nzima na zaidi, kozi tatu, na kiuno kinachombana kitamfanya ajinyonganyonge mpaka aangushe glasi. Tafuta zenye ule mpira wa ndani wenye matundu, unaoukaza kwa kifungo pembeni. Zinamfaa wiki hii na miezi sita ijayo.

Usiku wa heshima

Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Suti nzima ya mtoto wa miaka 9 itavaliwa jioni mbili, na Ramadhani ikifika suruali imepanda juu ya soksi. Usinunue. Suruali ile ile ya bluu, shati la mikono mirefu, mkanda na tai vinamtosha kabisa. Tai iwe ya kubana au ya mpira. Ukimfungia ya watu wazima ataivuta tangu kwenye lifti, na ukimaliza kuirekebisha chakula kimeshaagizwa.

Kifungua mimba yeye alitaka koti, na katika umri ule namwelewa. Tukaenda duka la mitumba, maana hata Marekani mitumba ipo na ni mizuri. Tukapata la bluu kwa dola 8. Ukichagua koti la mtumba angalia bega tu. Mshono wa bega uishie pale bega lake linapoishia, si kidole kimoja chini. Mkono ukiwa mrefu unaupunguza mwenyewe kwa sindano jioni moja, kiuno kikiwa kipana unaingiza mshono, lakini bega likishakosea, fundi wa kawaida atakurudishia.

Wadogo wawili niliwavalisha kanzu. Nilipiga simu kabla, nikauliza, nikaambiwa vazi la heshima la kwetu halina tatizo. Zilishonwa Mombasa, Mji wa Kale, na fundi aliyemshonea baba yao ya harusi, zikaja na shemeji. Nilimpa fundi masharti matatu. Rangi iwe ya samli, si nyeupe, kwa sababu ya zile tambi. Pindo la ndani liwe inchi 3, ili mwakani nifumue nishushe. Na urefu uishie juu ya kifundo cha mguu, kwani melini ni ngazi kwa ngazi, na mtoto wa miaka 5 hapandi ngazi, anazikimbilia. Ndani wakavaa bukta za pamba. Kofia zao za mkono nilizisafirisha zimejazwa soksi, zisivunjike ukingo.

Nguo moja, hakuna mkanda, hakuna tai, hakuna shati la kuchomekea kila dakika mbili. Nilikaa nikala chakula changu kikiwa cha moto. Kuna bibi mmoja Mmarekani meza ya jirani alimwambia kitinda mimba kuwa anafanana na mwana wa mfalme. Akamjibu, "Hapana, mimi nafanana na babu." Mama mkwe alijifuta macho na kusema ni pilipili manga.

Usiku huo wapiga picha wa meli hutandaza pazia zao karibu na ngazi kuu. Kusimama wakupige ni bure, kuinunua picha ndiyo ghali. Shukeni nusu saa kabla ya chakula, watoto wakiwa bado safi, na simu yako uwe nayo.

Viatu

Ndala na malapa ziishie bwawani. Raba nyeusi tupu, ya ngozi, isiyo na maandishi wala nyayo nyeupe, inapita usiku wa kawaida na chini ya suruali ndefu hata ule wa heshima. Jozi moja kwa kila mtoto.

Lakini mjaribishie wiki moja kabla, tena na soksi. Mwaka wa pili nilijidai nina viatu vizuri vya mkubwa vya Idi, miezi minne tu kabatini, nikavitia sandukuni bila kumvalisha. Usiku wa heshima nikamwona anakuja kwenye ule ujia mrefu wenye zulia, koti limemkaa, nywele kachana, kapendeza wallahi, ila anaburuta miguu, fwa fwa fwa. Nikatazama chini. Visigino vya viatu amevikanyaga, anavivaa kama makubazi. "Mama, vimesinyaa," akaniambia. Viatu havikusinyaa. Mguu ulikuwa umeruka saizi mbili.

Kunyoosha nguo bila pasi

Pasi usiibebe. Mizigo inapita kwenye mashine ya kukagua, na pasi, hata ile ya mvuke ya mkononi, inazuiwa kwa kuogopa moto. Meli nyingine zina chumba cha kufulia chenye pasi, nyingine hazina, unatoa nguo kwa malipo. Mimi natundika shati bafuni wakati baba watoto anaoga maji ya moto, mlango umefungwa. Likishapata mvuke nalilowesha kidogo kwa kiganja pale palipokunjamana, nalivuta pindo kwa chini, nalipangusa kwa mkono kuanzia bega. Dakika 15 limenyooka kiasi cha kuingia mezani. Kuta za vyumba ni za chuma, kwa hiyo beba kulabu za sumaku nne au tano. Kila mvulana ana yake, na nguo yake ya jioni inaning'inia hapo tangu asubuhi, mbele ya macho yake, ili asiniulize mara kumi.

Kuna jioni mtoto atagoma. Amechoka, amechomwa na jua la Cozumel, kile kisiwa cha Mexico, shati linamkwaruza mgongo. Usipigane naye. Bafe iko wazi hata usiku wa heshima, avae fulana kavu na bukta kavu, mzazi mmoja aende naye. Sisi tunapokezana.

Usiku wa mwisho masanduku yanatolewa nje ujiani kabla ya kulala, mkayakute bandarini. Weka pembeni nguo za asubuhi kwanza, ndipo ufunge. Mwaka huu niliweka za kila mtu isipokuwa za wa kati. Asubuhi tukatafuta, chumba kitupu, kilichobaki ni bukta ya kuogelea bafuni, mbichi bado, na kanzu yake kwenye kulabu nyuma ya mlango. Akashuka Galveston na kanzu ya samli yenye doa la sosi kifuani, ndala miguuni, na ile bukta ndani ikimlowesha kwa nyuma.

"Mama," akasema tukiwa kwenye foleni ya pasipoti, "leo wamenipitisha."