Pima kasi ya maji ya mto kwa video ya simu tu

Wakuu, ukiwa juu ya daraja lolote la Mto Mirongo hapa Mwanza unaweza kujua maji yanakimbia kwa kasi gani bila hata kulowa. Unahitaji simu, futi, fito na kiroba cha pumba za mpunga.

Funga simu kwenye kingo za daraja iangalie chini wima, usiishike mkononi maana ukitikisika wewe, video itasema ni maji, na zuma ukishaiweka usiiguse tena. Alafu rekodi fito ya mita 2 ikiwa usawa wa maji, sio juu ya ukuta, kwa sababu kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa na hesabu yote inaharibika hapo. Tuseme kwenye video fito imechukua pikseli 400 (vile vidoa vidogo vinavyounda picha), basi pikseli 1 ni milimita 5.

Mwenzako amwage pumba upande yanakotokea maji, azitawanye vizuri. Msitumie magugumaji jamani, majani yake yamesimama kama tanga, utakuwa unapima upepo. Na pima asubuhi, mchana upepo wa ziwani unaanza kusukuma maji ya juu.

Sasa nyumbani fungua video kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza E inaruka fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda video, au tumia ImageJ ni ya bure na inakupa pikseli kabisa. Simu ikirekodi fremu 30 kwa sekunde na punje ikasogea pikseli 12 ndani ya fremu 3, hiyo ni sentimita 6 kwa sekunde 0.1, yaani mita 0.6 kwa sekunde. Ila hapa ndo wengi wanaumia: ukikosea pikseli 1 tu kati ya 12 umeshakosea asilimia 8, wakati ukiifuata punje hiyohiyo fremu 30 ikaenda pikseli 120, kosa lilelile halifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo kwa mkono, fuata mbali.

Programu kama PIVlab, inayofanya kazi ndani ya MATLAB, ni kinyume chake. Yenyewe haifuati punje moja, inakata picha vidirisha, mfano pikseli 32 kwa 32, inatafuta mpangilio wa punje wa kila kidirisha umehamia wapi kwenye fremu inayofuata, na mhamo usizidi robo ya kidirisha, yaani pikseli 8. Sisi tuna 4 kwa fremu, safi, ukiruka fremu 3 unapata 12 na majibu yanakuwa vurugu.

Kingine, simu nyingi hazishiki fremu 30 kamili, rekodi kwanza saa ya kuhesabia sekunde uhakikishe.

Hiyo 0.6 ni ya juu tu, chini maji yanakokota, kwa kawaida watu wanazidisha na 0.85 unapata 0.51. Mto ukiwa na upana mita 4 na kina sentimita 30 kwa wastani, zinapita kama lita 610 kila sekunde. Kina pima kwa mti ukiwa darajani, na mvua ikiwa imenyesha milimani usishuke mtoni kabisa.