Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kujitolea Visiwani Baada ya Kimbunga

Tarehe 16 Desemba 2021 kimbunga Rai, ambacho Wafilipino wanakiita Odette, kilitua katika kisiwa cha Siargao, kikapita visiwa vya Dinagat, kikaendelea kupitia Leyte ya Kusini, Bohol na Cebu hadi Palawan, na kuua watu zaidi ya 400. Umeme na simu vilikatika, na katika visiwa vidogo kila kilichohitajika, kuanzia mchele na petroli hadi mabati, kilipaswa kuvushwa baharini. Ufilipino hukumbwa na vimbunga kila mwaka. Kwa hiyo anayetaka kujitolea huko aanze kwa kujiuliza kama nafasi atakayoikalia katika mashua isingewafaa zaidi wenyeji iwapo ingepakiwa magunia ya mchele. Seremala, fundi umeme, muuguzi au mtu aliyezoea kutumia msumeno wa mashine ana jibu la wazi. Asiye na ujuzi huo naye anaweza kufaa, ila si katika siku za mwanzo, ambazo ni za waokoaji, wanajeshi na matabibu. Atafaa zaidi baada ya miezi miwili au mitatu, wakati ambapo misaada imepungua na nyumba nyingi bado zimefunikwa kwa maturubai.

Usiende bila mwenyeji anayekutarajia. Sheria ya Ufilipino ya mwaka 2010 kuhusu maafa imezipa serikali za mitaa jukumu kubwa la uratibu, na kiongozi wa barangay, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala, ndiye anayejua nyumba ipi imeanguka, mjane yupi anaishi peke yake, na familia ipi imekwisha kusaidiwa. Kundi linalogawa vitu bila kupitia kwake ni rahisi liwape mara mbili walio karibu na gati na kuwakosa kabisa walio upande wa pili wa kisiwa, na chuki inayozuka hapo hubaki kijijini baada ya wageni kuondoka. Jiunge na shirika linalofanya kazi na viongozi hao, kisha upate kwa maandishi mahali utakapolala, chakula kitakapotoka, nani atakupangia kazi, na utaondoka lini.

Safari ya baharini inahitaji subira. Usafiri wa kawaida kati ya visiwa vidogo ni bangka, mashua yenye matengo pande zote mbili kama ngalawa zetu, na katika miezi ya Desemba na Januari pepo za kaskazini-mashariki huchafua bahari na kuleta mvua nyingi upande wa mashariki wa nchi. Walinzi wa pwani wakizuia vyombo kuondoka, usimshawishi nahodha avuke kwa sababu tiketi yako ya ndege inakaribia muda wake. Tenga siku kadhaa za ziada kwenda na kurudi, na uhakikishe una jaketi okozi linalokutosha.

Suala la maji na afya ndilo ningependa msomaji alitilie maanani kuliko yote. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, kiasi ambacho kisiwa chenye visima vilivyoingiliwa na maji ya chumvi kinaweza kushindwa kukitoa hata kwa watu wake. Beba chujio na vidonge vya kusafishia maji, ili usitegemee chupa zilizoletwa kwa ajili ya wenyeji. Muone daktari wiki kadhaa kabla kuhusu chanjo za pepopunda, homa ya matumbo na homa ya ini, na umuulize juu ya kinga ya homa ya mgunda, ambayo wasomaji wa Tanzania wataikumbuka kwa mlipuko wa Lindi mwaka 2022, na ambayo huenezwa na maji yaliyochanganyika na mkojo wa panya. Anayetoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kama Kenya na Uganda, abebe cheti cha chanjo. Bima yako igharamie kusafirishwa kwa dharura hadi hospitali kubwa.

Kuhusu mizigo, buti zenye soli ngumu, glavu nene, tochi ya kichwani, chandarua, paneli ndogo ya sola na peso taslimu vinatosha, kwani mashine za kutolea fedha hazifanyi kazi pasipo umeme. Nguo za mitumba ziache nyumbani.

Jiandae pia kwa kazi isiyo na sifa. Kimbunga Haiyan cha Novemba 2013 kiliharibu minazi zaidi ya milioni 30, na magogo yaliyoachwa yaoze huwa mazalio ya chonga, mdudu anayeshambulia minazi iliyosalimika. Kwa mkulima, kupasua na kuondoa magogo hayo kuna thamani sawa na kumwezekea nyumba. Usimpige picha mtu, hasa mtoto, bila ridhaa yake na ya wazazi wake. Na kabla hujasafiri, kubaliana na mwenyeji wako ni nani atakayekabidhiwa misumeno na nyundo ukiondoka, na nani atakayefundishwa kuzitunza.