Ukingo wa mshipi kwa kitanzi maradufu

Mteja akifika kibandani kwangu soko la Kariokor, Nairobi, hata kabla hajaupima mshipi wa ngozi kiunoni, hupitisha kidole gumba ukingoni. Kwa hiyo ukingo naupa muda kuliko kazi nyingine yoyote. Nausuka kwa kitanzi maradufu, yaani mshono wa utepe mwembamba wa ngozi unaozungushwa ukingoni, kisha kupitishwa chini ya msalaba wake wenyewe.

Anza na hesabu. Mshipi wa mita 1 una kingo mbili, yaani mita 2 za kushona. Mshono wa kuzungusha tu hula utepe kama mara 3 na nusu ya urefu huo. Kitanzi maradufu hula kama mara 7, basi tayarisha mita 14. Mimi hutumia utepe wa ngozi ya mbuzi, upana milimita 3. Usivute wote kwa mpigo, utachakaa matunduni. Kata vipande vya mita 1 na nusu.

Mshipi wenyewe uwe tabaka mbili nyembamba zilizogundishwa. Ukiwa mnene, ukishasukwa hautapita kwenye lupu za suruali. Piga mstari milimita 4 kutoka ukingoni, kisha utoboe kwa patasi ya meno manne. Kila ukiihamisha, jino la kwanza lirudi kwenye tundu la mwisho, nafasi zisiyumbe. Pale ngozi inapokunjwa kushika bizimu, usitoboe.

Sasa sindano. Ingiza kutoka mbele, zungusha utepe juu ya ukingo, ingia tundu la pili. Hapo juu utaona tepe zimepishana kama msalaba. Usikaze bado. Pitisha sindano chini ya msalaba huo, kutoka mbele kwenda nyuma, ndipo uvute. Nenda tundu linalofuata, ufanye vivyo hivyo. Upande laini wa utepe utazame nje daima. Ukijipinda, rudi nyuma ufumue.

Kukaza ndiko kunakoshinda wengi. Asubuhi mkono una nguvu, jioni umelegea, na mshipi unaonyesha saa zote mbili. Mzee aliyenifundisha alinisimamisha kila baada ya matundu kumi, niulaze mshipi mezani niutazame kwa ubavu. Hadi leo nafanya hivyo. Kwenye ncha, pita mara mbili kila tundu, la sivyo ngozi itachungulia kwenye kona.

Utepe ukibaki sentimita 8, unga. Chonga mwisho wake kwa chini, wa utepe mpya kwa juu, sentimita 2 hivi, paka gundi, bana hadi ikauke. Inapowezekana, kiungo kikae ukingo wa chini, upande wa mgongoni. Niliwahi kukiweka karibu na matundu ya bizimu, panapovutwa kila siku. Mshipi ulirudi kibandani umefumuka, na mwenyewe alikuwa ameununulia harusi ya mwanawe. Nilimsukia upya ukingo wote.

Mkia wa mwisho uchomeke katikati ya tabaka mbili, tia gundi, kisha gongagonga ukingo taratibu kwa nyundo ya mbao hadi vitanzi vilale.