Somo: Kufanya picha za wateja na picha za sanaa ndani ya studio moja

Wakuu, wengi mmeuliza mpiga picha wa studio anapata wapi nafasi ya sanaa wakati paspoti, mahafali na send-off ndizo zinazolipa kodi ya fremu. Msimamo wangu: usingoje siku utakayoachana na wateja. Anzia hapo hapo wanapokaa.

Mfano wangu ni Samuel Fosso. Alizaliwa Kameruni mwaka 1962, akakulia Nigeria, akahamia Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 1975 akafungua studio akiwa na miaka 13. Mchana alipiga wateja. Jioni filamu ikiwa haijaisha, alivaa bugaluu na raizoni akajipiga mwenyewe, ili filamu iishe na picha za wateja zisicheleweshwe. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria, ajue mjukuu ni mzima. Picha hizo zilionyeshwa Bamako, Mali, mwaka 1994, na jina lake likavuka mipaka. Mwaka 2008 akatoa mfululizo ambamo anajigeuza viongozi na wanaharakati weusi: Lumumba, Nkrumah, Angela Davis na wengine. Zitazameni vizuri: kitambaa nyuma, taa, uso, pozi. Ni ufundi ule ule wa studio ya mtaani, na ndiyo maana nampenda kuliko wapiga picha wengine wote.

Hatua ya 1: Tenga muda. Kamera za sasa hazina filamu ya kumalizia. Chukua nusu saa baada ya mteja wa mwisho, kabla hujazima taa, na iandike kwenye daftari la oda. Isipoandikwa, uhariri wa harusi utaimeza.

Hatua ya 2: Wazo liwe sentensi moja. Mfano: "Kina mama na nguo waliyoingia nayo mjini." Likigoma kuingia kwenye sentensi moja, bado halijaiva.

Hatua ya 3: Geuza taa za paspoti. Hapa msiwe na haraka. Kwa paspoti tunawasha mbili, kulia na kushoto, kivuli kisionekane. Zima ya kushoto. Ya kulia isogeze pembeni mpaka ikaribie usawa wa sikio, uipandishe juu kidogo ya macho. Kushoto simamisha kadibodi nyeusi, karibu na shavu kadiri uwezavyo bila yenyewe kuingia kwenye picha. Kadibodi inameza mwanga unaorudi kutoka ukuta mweupe, na upande ule wa uso unazama gizani. Sasa angalia jicho la upande wa giza. Likiwa na nukta ndogo ya mwanga, piga. Likiwa limezimika, mwambie ageuze uso taratibu kuelekea kwenye taa hadi nukta irudi.

Hatua ya 4: Ridhaa. Aliyelipia paspoti hajakubali kutundikwa ukutani. Mweleze wazo, asaini, mpe nakala yake bure. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, sura ya mtu ni ya mtu.

Hatua ya 5: Chapa. Kila oda itoe fungu dogo la kuchapia. Kwenye simu kila picha inapendeza. Ikichapwa kubwa ndipo unaona ngozi uliyoilainisha kupita kiasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mteja wa harusi aliona picha zangu za giza akaghairi. Nifanyeje?
Tenganisha kurasa. Ya biashara iwe na harusi na bei, ya sanaa iwe na kazi zako. Jina liwe lile lile, usilifiche.

Mimi sina studio, napiga nje tu. Hatua ya 3 inanihusu?
Inakuhusu sana. Msimamishe mtu mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, mlango uwe upande wake mmoja. Mlango ndio taa yako. Kadibodi inabaki pale pale, upande wa pili.

Shikamoo kaka. Picha ya sanaa naiuzaje?
Marahaba mdogo wangu. Amua mapema utachapa nakala ngapi, tuseme tano, ziandike namba na usaini, na usiongeze ya sita hata mnunuzi akikubembeleza. Bei ianzie kwenye gharama ya karatasi, wino na fremu, kisha weka thamani ya kazi yako. Usitumie bei ya picha za mahafali kama kipimo. Ukiwa Dar, pita Nafasi Art Space pale Mikocheni uone wasanii wenzako wanavyoonyesha kazi, kabla hujapanga yako.